Daftari la Rambirambi

Walishuka kwenye treni ya saa tisa usiku, Tabora,
kumi na mmoja, fulana za kijani zenye msalaba mgongoni,
magurudumu ya masanduku yakikwama kwenye kokoto za stesheni.
Mimi nilikuwa mkalimani kwa sababu nilipata B ya Kiingereza
na kwa sababu mwenyekiti wa ushirika ni mchumba wa dada yangu.
Msitafute upako.

Neno lilisafiri hivi:
Mchungaji Noh alilitamka kwa Kikorea,
Taejun wa Los Angeles akalipokea, akalikunjua kwa Kiingereza,
nikalitwaa mimi, nikalitua kwa Kiswahili
mbele ya mabenchi ya ukumbi wa chuo,
na dirishani Mama Nshoma, muuza maandazi,
akamnong'oneza jirani yake kwa Kinyamwezi.
Wapagazi wanne, mzigo mmoja.
Siku ya pili neema ilinifikia ikiwa upendeleo.
"Mungu ana upendeleo," nikatangaza,
ukumbi mzima ukaguna.

Taejun aliniomba radhi. Kikorea chake, alisema, ni cha jikoni:
anajua kuomba chumvi, kuomba msamaha, kuomba Mungu,
yote kwa bibi yake, mwenye duka la kufua nguo,
aliyewasha mashine saa kumi na mbili
akitoka ibada ya saa kumi.
Wenzake wa Seoul humcheka matamshi.
Wenzake wa Marekani humuuliza ametoka wapi, hasa hasa.
Nikamwambia: nahubiri kwa Kiswahili, mtihani kwa Kiingereza,
nikijikwaa kidole, ni Kinyamwezi.
Akacheka, akaliandika kiganjani.

Alfajiri waliamka kusali. Juni, baridi ile ipasuayo midomo.
"Juyo!" walipaza, Bwana, mara tatu, kwa pamoja,
na Kapaya mlinzi akaja mbio na rungu,
akidhani mwizi kakamatwa.
Kesho yake alikuja bila rungu. Akakaa nyuma.

Siku ya nane simu ililia.
Taejun alisimama kando ya tanki la maji
ameshika bomba kama mtu aliyeshika mkono.
Mchungaji akapanda mbele kututangazia,
akasema sentensi ndefu, akanyamaza, akangoja,
kisha akakumbuka mkalimani wake ni nani.
Taejun alifungua kinywa.
Sikungoja Kiingereza.
"Amefiwa," nikasema.
Neno moja tu, na aliyekufa hayumo ndani yake,
yumo aliyebaki.

Ratiba ya siku hiyo ilisomeka:
Somo la Tano, Kuyahudumia Mataifa.
Mataifa yalikuwa nyuma ya kantini yakichambua mchele.
Mataifa yalitandika mikeka uani hosteli,
yakafunga khanga kiunoni, yakakoka moto wa kukesha.
Mwanaidi wa chumba cha tisa, anayeswali sala tano,
alileta kilo ya sukari, akaketi bila kusema.
Maiti ilikuwa ng'ambo ya bahari mbili,
hapakuwa na kaburi la kuchimba,
vijana walizungukazunguka na mikono mitupu
mpaka mmoja akaanza kupasua kuni tusizozihitaji.

Misana alipitisha daftari: jina, kiasi, sahihi.
Elfu moja. Mia tano. Kapaya mlinzi, elfu mbili.
Mama Nshoma, maandazi ishirini.
Jumla shilingi arobaini na tatu elfu na mia tano.
Niliyaona macho ya Taejun yakizigeuza kuwa dola,
yakasimama katikati ya hesabu.
Akataka kurudisha.
"Mwambie," alisema Misana, "rambirambi hairudishwi."
Nikatafuta Kiingereza chake. Sikukipata.
Nikamkunjia vidole juu ya noti, basi.

Desemba aliniandikia. Daftari liko dukani,
mama yake ameliweka karibu na mashine ya kupiga hesabu,
kati ya hanga na risiti.
Wateja huuliza ni kitabu gani.
Mama humtazama Taejun,
naye, anasema, mpaka leo
hajajua aanzie lugha gani.